Makochi ya Esperance

Kila Jumapili baada ya ibada, kamati ya kutembelea wagonjwa iliteremkia nyumba ya Kakule pale mtaa wa Kamwokya: watu tisa, mikono mitupu, matumbo matupu. Walijibwaga kwenye makochi mekundu ambayo mkewe, Esperance, aliyanunua kabla figo zake hazijagoma. Wakaimba nyimbo tatu, wakaomba kwa kelele za kuamsha mtaa mzima, kisha wakanyamaza na kukodolea macho mlango wa jikoni.

Kakule, muuza vitenge wa soko la Kikuubo, alilelewa Butembo, ng'ambo ya mpaka, ambako mgeni hatoki na njaa. Basi akapika. Wali, kuku, soda. Fedha hizo zilikuwa za hospitali, maana Esperance alitakiwa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Wiki nyingine alipelekwa mara moja tu, akavimba miguu. Wageni waliiona ile miguu. "Pole mama, Mungu anajua," walisema, na papo hapo wakaulizia pilipili.

Jumapili moja Mama Marie-Jeanne, mwenyekiti wa kamati, alitoa mfupa mdomoni akasema, "Papa Kakule, kamati inataka sare, tukienda kwa wagonjwa tupendeze. Utatupatia vitenge tisa, tutalipa polepole."

Kakule aliitazama midomo yake inayong'aa mafuta. Mtu ameketi hatua mbili kutoka kwa mgonjwa, na anachowaza ni kupendeza!

"Mnataka sare ya kulia na wagonjwa," akauliza, "au ya kulia wali?"

Waliondoka wakiguna. Esperance alikasirika.

"Umewatukana watu wetu! Hapa si kwetu, mume wangu. Nikifa, nani atanizika?"

"Wewe kwanza uishi."

Siku ya Jumanne Kakule alimleta mnunuzi kutoka mtaa wa Ntinda, akayauza makochi yote, hata kile kijimeza cha kioo. Hakumuuliza mkewe, alijua angekataa. Esperance alilala ameukabili ukuta, akasikia yakiburutwa nje, na kwa siku tatu hakumsemesha mumewe. Alikwenda hospitali Jumatano, akaenda tena Ijumaa, kwa fedha za makochi.

Jumapili kamati ikafika. Iliingia ikiimba, na wimbo ukawafia mdomoni. Sebule ilikuwa tupu, sakafu imepigwa deki, na pembeni kulikuwa na mkeka mmoja.

"Karibuni," Kakule alisema. "Maji yapo."

Walisimama kama mbuzi waliofungiwa zizi. Sala iliyokuwa ikichukua saa nzima siku hiyo ilimalizika kabla Kakule hajafumba macho vizuri. Mama Marie-Jeanne alimpungia mgonjwa mkono kutoka mlangoni, viatu havijavuliwa, wakaenda zao. Jumapili iliyofuata hakuja mtu. Wala iliyofuata.

Jirani yao Aber, mama wa Kiacholi asiyeimba kwaya wala kukaa kamati, alikuja na uji, akaketi kwenye mkeka, akamsuka Esperance nywele.

Miguu ya Esperance ilinywea. Baada ya miezi miwili alitembea mwenyewe hadi msalani. Lakini uchungu wa makochi haukumtoka.

"Yalikuwa yangu," alimwambia Kakule.

"Yalikuwa yako," alikubali. "Na walioyakalia walikuwa takataka."

"Usiseme hivyo."

"Basi nionyeshe mmoja aliyerudi."

Esperance alianza kuwahesabu kwa vidole, hakupata hata wa kwanza, akamwomba amsogezee mto.