Nani Afungue Shimo la Kwanza

Mimi si mtu wa hasira. Wateja wangu pale saluni Matonge wanajua: nikikusuka nitacheka tangu msuko wa kwanza mpaka wa mwisho, na kichwa kikikuuma nitakupa pole hata kama wewe ndiye uliyechelewa kuja. Lakini kuna Jumamosi moja ambayo nikiikumbuka tu, vidole vinakaza nywele za watu bila mimi kutaka, na mteja analalamika, ai maman, polepole.

Hasira yenyewe ni juu ya golf. Ndiyo, golf. Cheka kwanza, mimi nitangoja.

Aliyenifundisha ni Tonton, mdogo wake mama yangu, aliyenilea hapa Brussels tangu nilipofika kutoka Likasi, kule Katanga. Alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha magari kule Forest. Kiwanda kilipofungwa, akakaa sebuleni na pazia chini, anaangalia televisheni bila sauti. Nilikuwa naondoka kwenda saluni namwacha kwenye kile kiti, narudi namkuta kwenye kile kiti. Mwishowe mwenzake wa kazi, Mflemi mmoja mnene mwenye sauti kama ya injini, akaja kumtoa karibu kwa nguvu. Akampeleka kwenye kiwanja kidogo cha mashimo tisa, nje kidogo ya mji, kando ya reli, mahali ambapo hawakuulizi baba yako ni nani. Jioni ile Tonton alirudi na malengelenge mikononi, akala bukari, ugali wetu, yote, akaomba tena. Baada ya siku chache akanichukua na mimi. Kwa hiyo mjue: ninapomkasirikia, namkasirikia mtu niliyemwombea kwa Mungu ainuke kwenye kiti.

Nami nikaupenda mchezo kuliko yeye. Masomo sikuyafikisha mbali, hesabu zilinishinda mapema, lakini shimo la golf, njia yote tangu pigo la kwanza mpaka kwenye bendera, nikiliangalia naona kama kichwa cha mtu kabla hujaanza kusuka: hapa utapitisha mstari, hapa utapinda, hapa usiguse kabisa. Jumapili baada ya ibada nilikuwa napanda metro mpaka mwisho wa njia, Auderghem, halafu natembea kandokando ya msitu mpaka mahali ambapo ua unapita karibu na kile kiwanja kikubwa, cha watu wakubwa. Kuna shimo pale linaloshuka bondeni kati ya miti mirefu. Nilisimama nje ya ua na kulicheza kichwani. Mpira wa kwanza usiupige mbali, maana bonde litaukokota kushoto mpaka majani marefu. Uweke kulia, mfupi, halafu grini, yale majani mafupi yanayozunguka kishimo, yote itakufungukia. Nimelicheza shimo lile mara nyingi sana, na kichwani mwangu sijawahi kupoteza mpira hata mmoja.

Sasa fikiria nilivyoruka siku tuliposikia kwamba kiwanja kile kikubwa kimealika wachezaji wawili, kama jozi, kutoka kwenye kundi letu dogo kwenda kucheza huko siku moja nzima. Kundi letu ni watu wa Katanga zaidi, na Wabelgiji kidogo, na Watanzania wawili watatu. Tukashindana wenyewe kwa wenyewe mpaka zikabaki jozi mbili: mimi na Tonton, dhidi ya shemasi wa kanisa letu na mama mmoja Mtanzania, mke wa mtu wa ubalozi, mwenye kofia nyeupe na mdomo usiopumzika. Atakayeshinda Jumamosi, anakwenda msituni.

Lazima nieleze namna tulivyocheza, maana ugomvi wote umo humo. Wawili mna mpira mmoja tu. Mmoja anapiga, mwingine anapiga unapoangukia, mnapokezana hivyo mpaka uingie shimoni, na jozi iliyotumia mapigo machache imelichukua shimo hilo. Na kabla ya kuanza mnachagua: mmoja atafungua, yaani atapiga pigo la kwanza, kwenye shimo la kwanza, la tatu, la tano, la saba na la tisa, mwingine atafungua yale ya katikati yake. Mkishaanza, hakuna kubadilisha. Ukikosea pale, umekosea siku nzima.

Tonton anapiga mbali sana, lakini mpira wake unakwenda unakotaka wenyewe. Mimi napiga mfupi na ulionyooka. Na kile kiwanja cha reli, yeyote anayekijua anaona: shimo la kwanza linapita kati ya mistari miwili ya mierebi, jembamba kama ushoroba wa hospitali. La tatu ni fupi, juu ya bwawa. La tano linapinda. La saba ni fupi tena, na mchanga pande zote. La tisa lina maji mbele ya grini. Lakini la pili, la nne, la sita na la nane ni majani matupu, marefu, yanayofuata reli. Pale hata ukiupiga vibaya utaukuta. Bon, hata mtoto wa shule ya msingi angejua nani afungue yapi.

Nilimweleza jikoni Alhamisi, anakula. Nilipanga vijiko juu ya meza kuonyesha mierebi, kikombe kikawa bwawa, na kichupa cha chumvi nikakiweka pale mpira wangu wa kwanza utakaposimama. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja juu ya shimo la tano, akasema tutaona. Mimi nikaenda kulala nikiimba. Kwangu, tutaona ya Tonton ilikuwa ndiyo.

Jumamosi watu walikuwa wamejaa, na watoto, na mikate, na wengine wamekaa juu kwenye ukumbi wa nje wa baa wanaangalia. Nilikuwa tayari nimeshika fimbo yangu ya chuma nilipomwona Tonton anainama kuchomeka ardhini kijiti chake cha kuwekea mpira. Nikamsogelea, nikamkumbusha kwa sauti ya chini kwamba la kwanza ni langu. Hakuinua kichwa. Akajibu kwa sauti ya watu wote:

"Mutoto hawezi fungula mbele ya mukubwa. Kwetu, kwenye meza, nani ananawa mikono wa kwanza?"

Watu wakacheka vizuri tu, wakakubali, shemasi akaitikia kwa kichwa kama anasikia neno la Mungu. Mama Mtanzania akaangalia mierebi, akaniangalia mimi, akarekebisha kofia yake.

"Mimi simo," akasema. "Jirani akikupa kuku wake, humuulizi sababu."

Tonton akapiga. Mpira ukapanda vizuri sana, ukageuka, ukaingia kwenye mierebi kama ndege anayerudi kwenye kiota. Nikaukuta umelala katikati ya mizizi, na mimi ndiye wa kuutoa. Niliutoa. Tulipoteza shimo lile, na Tonton akanipigapiga begani kunipa moyo. Mimi! Kunipa moyo mimi.

Ikaenda hivyo. Kwenye majani makubwa ya reli, ambapo mtu mwenye nguvu angeupeleka mpira nusu ya safari, nilikuwa nafungua mimi na mkono wangu mfupi. Kwenye sehemu nyembamba, ambapo unahitaji tu kutulia na kuuweka, alikuwa anafungua yeye, na miguu imetanuka kama anataka kung'oa mti. La tatu aliupeleka nyuma ya bwawa, ndani ya mchanga. La tano hakupinda na njia, akapita moja kwa moja mpaka kwenye shamba la mtu. Kila mara nilikuwa nakwenda kuutafuta mimi kwanza, juu macho yangu ni mazuri, na kila mara nilikuwa naukuta mahali ambapo nilishamwonyesha kwa kijiko. Mama Mtanzania alinifuata kwenye yale majani akasema, "Mwanangu, mjomba wako huyu anacheza golf au anafukuza nyani?" Sikuweza kucheka. Mimi, nisiyejua kutocheka.

Kilichotuokoa ni shemasi. Treni ikipita tu, mikono yake inatetemeka. Kwenye la nne alipeleka mpira ng'ambo ya reli, kwenye la nane kwenye matete. La sita mimi niliingiza mpira kutoka mbali mpaka watoto wakapiga makofi. Kwa hiyo tulipofika shimo la tisa tulikuwa sawasawa. Shimo moja tu kati yangu na msitu.

La tisa si gumu. Unachukua fimbo ndogo, unauweka mpira kwenye uwanda kabla ya maji, basi. Wa pili anauvusha. Nilimwomba Tonton, na safari hii sikujali nani anasikia: uweke mfupi, niachie mimi maji. Akakubali. Akachukua kweli fimbo ndogo, akasimama. Halafu mtu mmoja akapaza sauti kutoka kwenye baa:

"Papa, unaogopa mayi? Uko Mukatanga ya wapi?"

Akarudisha fimbo ndogo kwenye mfuko. Akatoa ile kubwa.

Maji yaliruka mpaka tukayaona kutoka mbali. Nikaweka mpira mwingine, na pigo moja la adhabu juu yake, nikauvusha. Yeye akausukuma grini, ukapita shimo. Wa mwisho ukawa wangu, umbali wa hatua mbili, wa kutufanya sawa nao tuendelee. Ukagusa mdomo wa shimo ukakaa nje.

Juu kwenye baa Tonton alikuwa wa kwanza kumpongeza shemasi. Akaagiza vinywaji, akanishika bega mbele ya watu wote, akasema kwa upole kabisa:

"Mutoto alichoka. Kidogo tu, pale kwa mwisho."

Wakanipa pole. Meza nzima ilinipa pole, maman mmoja akanikatia kipande kikubwa cha keki. Nikasema asante. Sikusema kitu kingine, juu yeye ni mkubwa wangu. Mama Mtanzania aliponipita kwenda kwenye gari lake aliinama sikioni mwangu. "Ungefungua wewe, tungekuwa tunalia sisi," akasema. "Mimi ningekuwa wewe, ningepiga kelele, honestly."

Nyumbani nilipika, nikampakulia, nikasema karibu na asante, na hakuna zaidi. Wiki zikapita. Wao walikwenda msituni. Shemasi alituonyesha picha kanisani. Kwenye picha moja nililiona lile shimo langu linaloshuka, na shemasi amesimama kushoto kabisa, kwenye majani marefu, anatafuta mpira. Nilitoka nje ya kanisa nikasimama kidogo na hewa.

Halafu tukasikia kwamba wale wa kiwanja kikubwa wataalika jozi nyingine mwezi wa tisa. Tonton akaja mlangoni pa chumba changu Jumatatu asubuhi, siku saluni inapofungwa, amebeba mifuko yote miwili, wake na wangu. Hakusema samahani, lakini kwetu mtu mzima akikubebea mfuko ameshasema nusu yake. Nikavaa viatu.

Kiwanjani hapakuwa na mtu. Baa imefungwa, ukungu juu ya mierebi, na mbali sana mashine moja inakata majani. Nikasimama pembeni kama kawaida. Tonton akanyoosha mkono kuelekea pale kijiti kinapochomekwa.

"Fungula, maman."

Machozi yalinikaribia, nakwambia kweli. Nikapiga. Mpira ukaenda chini, umenyooka, ukapita katikati ya ule ushoroba wa mierebi ukasimama mahali ambapo kichupa cha chumvi kilikuwa siku ile mezani. Tukatembea pamoja kuufuata. Alikuwa anatabasamu. Na mimi nilikuwa natabasamu, hasira yote imeyeyuka, nilishaanza kuona msitu. Tulipofika kwenye mpira akauangalia, akaangalia grini iliyo wazi mbele yake, akapuliza pumzi.

"Ni vile ulisema," akasema.

"Umeona sasa, Tonton."

"Sikuona sasa. Minajua tangu siku ile ya jikoni. Nilihesabu kila shimo mwenyewe. Ulikuwa na haki."

Nilidhani sikuelewa. Nikamwuliza, kama alijua, juu ya nini alifungua yeye. Akauzungusha mfuko wake ili asiniangalie.

"Batu balikuwa pale, maman. Shemasi alikuwa pale. Mutoto afungule, mi nisimame nyuma na mikono mufukoni? Batasema, kiwanda kilimufungia mulango, sasa hata kwake mutoto ndiye anaanza."

"Na mwezi wa tisa?"

"Mwezi wa tisa batu batakuwa pale tena." Alisema hivyo kwa upole, kama anayeomba umpitishie maji. "Siku kama leo, utafungula weye. Kila Jumatatu, kama unapenda."

Ningeweza kumsamehe mtu asiyejua. Nilikuwa nimeshamsamehe, huko nyuma, kwenye zile hatua kati ya kijiti na mpira. Lakini huyu alitembea mashimo tisa akijua. Alijua mierebi inamngoja, alijua bwawa, alijua nilivyokuwa napiga magoti kwenye mizizi kutoa mpira alioupeleka yeye, na bado jioni akaniweka mkono begani akawaambia watu nimechoka. Nilimwangalia, nikaona ni yule yule wa kwenye kiti, na nywele zake za kijivu pembeni ambazo huwa nazinyoa mwenyewe, na moyo wangu ukataka kusema basi, Tonton, si kitu. Hasira ikafika kabla ya moyo.

"Mwezi wa tisa tafuta mwingine wa kusimama nyuma yako," nikamwambia.

Sijawahi kumwambia mkubwa maneno kama yale. Nikainua mfuko wangu, nikageuka kuelekea lango, viatu vinalowa. Aliniita mara moja, kwa jina la mama yangu, jina analoniita akiwa mpole. Sikusimama.

Zamu ya kupiga ilikuwa yake. Nilikuwa nimefika karibu na lango niliposikia amepiga: sauti safi, chuma kimekamata mpira katikati kabisa, sauti unayoisikia mara chache katika siku nzima. Sikugeuka kuona ulikwenda wapi.