Bastola ya Mort Lipnik

Mort Lipnik aliuza magodoro maisha yake yote hapa Cleveland, na alipostaafu akajiteua kuwa jeshi. Hakuna aliyemwomba. Sinagogi letu lilikuwa na mlinzi wa kulipwa mlangoni, kamera kila pembe, na vioo visivyopenyeka kwa risasi tulivyochangia mpaka tukachoka. Lakini Mort alikuwa amesoma gazetini jinsi Wayahudi wenzetu wa mji mwingine walivyopigwa risasi wakiwa wanasali, naye akaenda dukani, akarudi na bastola na mfuko wake wa kiunoni. Tangu hapo akawa anatembea kama mtu mwenye jipu pajani.

Mkewe, Roslyn, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati yetu ya kupinga mauaji ya bunduki. Ndiyo, nyumba ileile, kitanda kilekile, na godoro la hali ya juu, bila shaka. Kila mwaka Roslyn na wenzake walipanda basi kwenda Columbus kuwasihi wabunge wa jimbo, na kila mwaka Mort aliwaaga akiwauliza kama wamebeba machozi ya kutosha. Roslyn alimkumbusha kwamba Torati inamwamuru mwenye nyumba azungushie paa bapa la nyumba yake ukuta, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Na kwamba marabi wa kale walikataza hata kufuga mbwa mkali au kuweka ngazi mbovu. Vipi yeye aweke kitu kile kwenye droo ya soksi? Mort alijibu kwamba yeye hana mbwa, na ngazi yao ni nzima.

Ikafika sikukuu ya kuifurahia Torati, siku ambayo watu wazima wenye shinikizo la damu hucheza asubuhi kweupe, gombo la Torati mikononi na wiski tumboni. Mort, mcha Mungu, aliiacha simu nyumbani kwa heshima ya sikukuu. Bastola aliivaa.

Nilikuwa nyuma yake kwenye duara. Aliikumbatia Torati, akaruka, akazunguka, mkanda ukalegea. Bastola ikateleza ndani ya mguu wa suruali, ikatokea kwenye kiatu, ikaserereka sakafuni hadi viti vya nyuma.

Wimbo ulikatika vipandevipande, walio mbali wakiwa wa mwisho kunyamaza. Kabla hata mmoja wetu hajaweza kuukunja mgongo, Liora, mjukuu wa mweka hazina, mtoto ambaye hajajua hata kufunga kamba za viatu, alikuwa ameshaiokota. Alikuja nayo kwa mikono miwili, mdomo wa bastola ukimwelekea yeye mwenyewe tumboni.

"Babu Mort," alisema, "umedondosha."

Mort hakuweza kuipokea. Mikono yake ilikuwa imeshika Torati, na Torati ikianguka, sinagogi zima hufunga kula. Alisimama pale hajui aachie kipi. Roslyn ndiye aliyepiga magoti, akamwambia mtoto atulie hivyohivyo, akambandua vidole kwenye bastola, kimoja kimoja.

Stan Grubman, polisi mstaafu, aliichukua akaifungua pembeni. Mort alikuwa ameshaanza kutueleza kwamba aina ile ni salama mno, haiwezi kufyatuka ovyo. Stan akamwonyesha kiganjani risasi iliyokuwa ndani ya chemba, tayari kufyatuka.

"Ungetulinda sana, Mort," alisema.

Mtu mmoja akamuuliza Rabi Adelstein kama tunapaswa kufunga. Rabi akasema sheria ya gombo kuanguka anaijua. Ya bastola itabidi aende akasome.

"Usijisumbue, Rabi," alisema Roslyn. "Torati haikuanguka. Aliyeanguka ni mume wangu."

Utadhani Mort alijuta palepale. Wapi! Wiki iliyofuata alinunua mfuko mpya, wenye kifungo. Kilichomshinda ni peremende. Kwa miaka mingi watoto walikimbilia kiti chake kila Sabato, naye akiwagawia peremende kutoka mfuko wa koti. Sasa mama zao waliwashika mabega, kwa adabu kabisa, huku wakitabasamu. Hakuna aliyemtukana, afadhali wangemtukana, angepata la kujibu. Sabato moja nilimwona akila peremende zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, kitabu cha sala kimefunikwa mapajani.

Mwishowe polisi walipokusanya silaha zinazosalimishwa kwa hiari kwenye uwanja wa kanisa la jirani, aliipeleka bastola yake. Hakuondoka mpaka msumeno ulipoikata. Alirudi nyumbani amenuna, akamwambia Roslyn kwamba msumeno wao ni butu.

Majira ya kuchipua, akapanda basi la Columbus pamoja nasi. Mbunge wetu, maskini, alikuwa na shughuli nyingi. Alituletea msaidizi mwenye tai nzuri, aliyetuhakikishia kwamba mheshimiwa anawaombea wahanga wote usiku na mchana. Mort alikuwa amemwahidi mkewe kwamba atanyamaza. Akaegemea meza.

"Sikiliza, bwana mdogo. Kwetu sisi, mtu akirudi mjini akasikia mayowe, haruhusiwi kuomba kwamba isiwe ni nyumbani kwake. Lililotokea limeshatokea. Hiyo ni sala ya bure. Mwambie mheshimiwa aombe mapema, na akishasema amina, ainue mkono wakati wa kura."

Msaidizi aliandika kitu, au alijifanya anaandika. Ndani ya basi Mort alilalamikia sandwichi, viti na dereva, na Roslyn akamwacha aseme, mkono wake ukiwa juu ya goti la mumewe.

Muswada wa kudhibiti bunduki tuliokwenda kuuombea kura ulifia kwenye kamati ya bunge, kama ndugu zake waliotangulia. Roslyn alipomletea habari, Mort alisema alilijua hilo tangu mwanzo, akaingia chumbani akafunga mlango. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akauliza kama mwakani basi lingeweza kuondoka mapema zaidi, kabla wabunge hawajapata pa kujificha.