Mgongo Mweupe Mahindini

Kijiji kizima cha Litapunga kilimjua Specioza kwa ulimi mkali, na mwaka ule wa tisini na saba ulimi huo ulimfikisha mtu pabaya. Asubuhi moja, kwa hasira, aliwaambia wenzake kisimani kwamba ng'ombe wamemharibia mahindi, na wanaonekana ni wa Masunga, yule Msukuma aliyehamia juzijuzi. Kufika adhuhuri, wanaume wenye marungu na mapanga walikuwa wamemweka Masunga katikati.

"Mama huyu hapa, amekuona kwa macho yake ukiwaswaga!" alifoka Alois, jirani wa Specioza.

Masunga alimgeukia Specioza. "Mama, ng'ombe wangu wote nimewakata ncha ya sikio la kulia. Hao uliowaona, masikio yao yalikuwaje?"

Specioza akafumba macho. Akaliona tena shamba: mahindi yamemfika kifuani, ukungu umetanda, na mgongo mweupe unapita, kichwa kimezama kwenye majani. Sikio hakuliona. Wala mtu.

"Sema, dada," Alois alimhimiza, panga likimcheza mkononi. "Si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema wanaonekana," alijibu. "Nilisema hivyo kwa sababu mwenye ng'ombe wengi hapa ni yeye, na nilikuwa na hasira. Macho yangu yaliona mgongo mweupe tu. Huyo Masunga anayeswaga ng'ombe mmemwona nyie, na shambani hamkuwepo."