Jiko la Moshi la Msafi

Buchani walimwita Msafi. Aliosha mizani, akaosha kulabu, akasugua magogo ya kukatia nyama mpaka yakapauka, na wateja walitania kwamba ukizubaa pale utamwagiwa maji na wewe. Alicheka. Jina alilipenda.

Yeye na mdogo wake walikuwa wamenuniana miaka kwa ajili ya urithi wa baba, kila mmoja akimwona mwenzake mlafi. Kilichowarudisha pamoja ni jiko dogo la kukaushia nyama kwa moshi, walilolinunua kwa shirika. Mama yao alipowaona wamesimama nyuma ya kaunta moja alilia kwa furaha.

Jiko lenyewe halikula mkaa. Lilikula punje za unga wa mbao ulioshindiliwa, mfano wa chakula cha kuku. Unazijaza kwenye kisanduku cha ubavuni, skrubu ndefu inazisukuma kidogo kidogo hadi kwenye kibakuli cha moto, feni inapuliza. Mdogo mtu alilisha jiko na kugeuza nyama. Msafi alikata na kuosha. Na jioni wakifunga, alishika mpira wa maji akaliogesha jiko zima, ndani nje, kama mtoto aliyetoka kucheza matopeni.

Mdogo wake alimwambia taratibu kwamba chombo hiki hakitaki maji. Wee, nani amsikilize! Msafi alijibu kwamba chombo cha nyama kisichooshwa hakina tofauti na choo.

Basi jiko likaanza vituko. Moto unafifia, moshi unatoka mzito wenye harufu ya kuvunda, halafu kimya. Siku ya nyama ya harusi lilizima kabisa, na mwenye harusi kasimama mlangoni. Hapo Msafi akafungua mdomo kabla ya kufungua jiko. Mbele ya wateja alimwambia mdogo wake kwamba ananunua punje za ovyo.

"Umezoea kula vya wenzako tangu siku ya urithi," alisema. "Mwizi ni mwizi tu."

Mdogo mtu akasema ni maji. Msafi akamwambia anyamaze. Mdogo wake akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mizani, akaondoka.

Msafi akabaki na jiko lake. Alinunua punje za bei mbaya, likagoma. Akagonga feni, akabadilisha plagi, likagoma. Mwishowe akashika spana akaichomoa ile skrubu, na akili ikamkaa sawa. Punje zilikuwa zimelowa, zikavimba, zikawa uji, uji ukakauka mgumu kama saruji. Kwenye kibakuli cha moto majivu yalikuwa tope. Alikaa juu ya ndoo.

Alikwangua, akakausha, akajaza punje zilezile alizozitukana. Moto ukawaka. Alikausha ubavu mmoja wa nyama, akaufunga, akaupeleka kwa mdogo wake. Shemeji yake alimpokea kwa adabu, akamwita mumewe, akaingia ndani. Mdogo mtu hakutoka kizingitini.

"Ni maji," Msafi alisema. "Nimelifungua nikaona kwa macho yangu. Nisamehe, mdogo wangu."

"Nilikwambia mimi, ukaniita mwizi. Limekwambia jiko, ukaamini."

"Rudi kazini, basi."

"Nyama peleka kwa mama, kaka. Mwambie nimekusamehe. Lakini kazi na wewe, hapana."

Tangu hapo jiko halijazima hata mara moja. Msafi anazijaza punje mwenyewe, anageuza nyama mwenyewe, na jioni analifuta kwa kitambaa kikavu. Aproni ya mdogo wake ameitundika kwenye kulabu. Mama yao bado hupita kununua nyama, na kila akipita huuliza yule mwingine yuko wapi. Msafi humwambia katoka kidogo, atarudi sasa hivi.