Jumapili Kwaya Ilipotoa Povu

Hii habari afadhali niwaambie mwenyewe, kwa sababu nikiwaachia watu wa Kawangware wataongeza chumvi, na chumvi ndiyo iliyoniletea aibu yote. Mimi, Mama Sila wa Sarang'ombe, mama fua wa miaka kumi na minne, nilivalisha kwaya nzima sabuni mbele ya askofu na wageni wake.

Kwanza mjue mimi si mama fua wa kuokotwa tu. (Najisifu, ndiyo, ngojeni mfike mwisho.) Nilikuja Nairobi kutoka upande wa ziwa na hii mikono miwili peke yake, na hii mikono imesomesha watoto watatu, na pale mtaa wa Olympic kuna nyumba hawataki mtu mwingine aguse mashati yao meupe, nikiwa mgonjwa wanangoja nipone. Basi mmoja wa hao wa Olympic akamtajia mamake jina langu, na huyo mamake, Mama Ciru, ni mwenye ploti ya nyumba za kupangisha kule Kawangware na ndiye anatunza majoho ya kwaya ya kanisa lao. Walikuwa wanafungua kanisa jipya Jumapili, na majoho yalikuwa ishirini na manne, meupe, ila yalikuwa yamekaa kabatini mpaka yakageuka rangi ya chai. Akanipigia simu akaniomba nifike Ijumaa nifulie pale kwake.

Nikafika mapema, akanikaribisha chai. Sasa hiyo chai ingenifunza kama ningekuwa mtu wa kufunzwa, maana ilikuwa na ladha ya chuma, na ndani ya birika niliona ukoko mweupe mgumu kama chokaa. Mama Ciru akanieleza mwenyewe bila kuulizwa kwamba maji ya kanjo, yale ya bomba la jiji, yalipotea siku nyingi, wanatumia ya kisima alichochimbisha marehemu mumewe, maji hayaishi lakini ni ya chumvi. Maharagwe yanachemka kutoka asubuhi na jioni bado yanagonga meno, na nywele za wasichana wake zimekuwa kama katani. Akasema nyuma ya nyumba kuna tangi la maji ya mvua, hajaruhusu mpangaji yeyote alichote, amelitunzia hayo majoho.

Hapo ndipo nilipoharibu. Tangi lilikuwa nyuma, ningechota kwa mtungi nikizunguka nyumba nzima, na mfereji wa kisima ulikuwa hapa hapa kwenye saruji ya kufulia. Lakini si uvivu, wacha niseme ukweli, ni kwamba nilisikia kama ninafundishwa kazi. Nikamwambia maji ni maji, yeye anipe sabuni tu, hayo mengine aniachie. Akaniangalia kidogo, akasema sawa, akaenda zake kwa mkutano wa kina mama.

Nikamwaga sabuni ya unga kwenye karai, nikakoroga, povu hakuna. Nikaongeza. Likatokea povu dogo likanisalimia, likafa, na juu ya maji kukabaki vipande vipande kama maziwa yaliyokatika. Mtu mwenye akili angesimama hapo akachukua mtungi. Mimi nikaagiza sabuni nyingine dukani, halafu nyingine, nikasugua na ya kipande juu yake, mpaka vidole vikaanza kuchubuka. Wakati wa kusuuza nikapata nguo inateleza mkononi kama samaki mbichi, nasuuza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, maji bado ya mawingu. Mwishowe nikajiambia jua litamaliza. (Jua halijawahi kusuuza nguo, hata mimi nilijua.)

Yalipokauka yalikuwa magumu, ungeweza kuyasimamisha ukutani yakangoja wenyewe. Nikayapiga pasi, yakatoa vumbi jeupe, nikalipangusa. Kwa macho yalikuwa meupe kabisa na yananukia vizuri. Mama Ciru akarudi, akashika mkono wa joho moja, akaniuliza kama nimetia wanga. Nikasema ndiyo, kidogo tu, ndio yasimame vizuri. Akafurahi. Akanialika Jumapili nikae na wageni nione kazi ya mikono yangu.

Na mimi nikaenda. Nilivaa kitenge changu cha harusi ya dadangu na kilemba, nikakaa laini ya pili pale mlangoni ambapo viti vya wageni vilikuwa vimepangwa, nikawaambia majirani zangu kushoto na kulia kwamba hayo majoho ni mimi. Hata mwanamke mmoja wa Riruta Satellite akaandika namba yangu.

Kwaya ilikuwa itoke getini iingie kanisani kwa maandamano, wakiimba. Walipofika katikati ya uwanja mvua ikaanza, si kubwa, ile ya kunyunyiza. Askofu alikuwa amesimama mlangoni anawatazama kwa hivyo hakuna aliyethubutu kukimbia, wakaendelea na hatua zao za pole pole. Niliona kwanza kiongozi wao, Mwalimu Isaya, anajikuna shingo. Halafu nikaona mabega yake yanang'aa. Halafu akainua mikono kuwapandisha wale wa sauti ya kwanza, na kwapani mwake kukatoka povu, povu zuri, jeupe, lile nililolitafuta Ijumaa nzima, likamshuka mpaka kiunoni. Nyuma yake wote ishirini na watatu wakaanza kutoa povu. Wanawake wakapiga chafya. Msichana wa kuimbisha akapata sabuni machoni akaimba ubeti wote jicho moja limefungwa, na hakuacha, Mungu ambariki. Watu wakatoa simu wakaanza kurekodi. Yule mwanamke wa Satellite akanigeukia, akahama kiti.

Walipoingia ndani wimbo uliisha vibaya. Mzee mmoja wa kanisa akasimama amekasirika, akasema aliyepewa kutunza majoho amewaaibisha mbele ya wageni, na inafaa aeleze. Kila mtu akamwangalia Mama Ciru. Na Mama Ciru, ambaye alinionya, ambaye nilimdanganya, alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwangu na hakuninyooshea hata kidole. Akainamisha kichwa tu, akakunja leso yake mara mbili, mara tatu.

Jameni, hiyo nilishindwa. Afadhali angenitaja. Miguu ikanisimamisha kabla sijaamua.

"Ni mimi nilifua," nikasema. "Mama Ciru aliniambia nitumie maji ya mvua, nikakataa kwa sababu ya kujiona. Na nikamwambia nimetia wanga, ni uongo. Hiyo ni sabuni."

Mvua juu ya mabati sasa ilikuwa imekuwa kubwa. Askofu akaniuliza kama kuna namna ya kurekebisha. Nikamwambia mvua ndiyo hiyo inanyesha, wanipe majoho na makarai. Naona alitaka kucheka, lakini alisema tu kwamba Mungu anasikia wimbo hata kwa sweta, na kwaya wakavua majoho wakabaki na nguo zao za kawaida.

Nikatoka nje. Lile paa jipya lilikuwa safi, na maji yalikuwa yanamwagika kutoka kwa mfereji wa paa kama bomba la wazi. Nikakunja kitenge, nikavua viatu, nikapanga makarai chini ya paa. Joho la kwanza nilipoliingiza, povu likajaa mpaka likamwagika, nikamwaga, nikarudia, mpaka maji yakabaki kama ya kunywa. Nikiwa kwa la tatu nikasikia mtu anaburuta karai kando yangu. Alikuwa Mama Ciru, na kilemba chake kizuri, miguu peku.

"Nionyeshe vile unakamua," akasema.

Tukafua sisi wawili huku ndani wanaimba, na mahubiri yakaisha tukiwa tumeanika ishirini na manne chini ya kibanda cha jikoni. Nawaambia, mimi nimefua nyeupe nyingi maishani lakini nyeupe kama hiyo sijaiona tena. Watu walipotoka wakaja kuangalia, wengine wakashika kwa vidole, na yule mzee aliyekasirika akauliza kama ninaweza kumfulia kanzu yake. Nililoa mpaka mifupani, kitenge kiliharibika, na sijawahi kusimama nimenyooka hivyo.

Hayo majoho nayafua mimi mpaka leo. Lakini niliapa siku hiyo, na sijavunja, kwamba siloweki hata soksi kabla sijatia maji ya mwenye nyumba kwenye chupa na kipande cha sabuni, nikatikisa, nikaona kama yanatoa povu. Mteja mpya akiniuliza kama ninajua kazi, namwambia ninajua sana, kisha namuuliza maji yake yanatoka wapi, na akinijibu, namsikiliza.