Nilichoma Tairi ya Shemeji, Kisha Nikaweka Msumari

Wanaosema nilipatwa na bahati mbaya wanikome! Bahati haikuwepo pale. Nilikosa nikijua, na nikalifunika kosa langu nikijua zaidi. Jina langu sitalitoa, na majina ya wengine nimeyageuza, kwa sababu dada yangu bado anaishi na watu na sitaki wamnyooshee kidole kwa upumbavu wangu.

Mimi ni mtu wa pancha. Kibanda changu kiko Laini Saba, kando ya reli, na bango langu ni tairi kuukuu niliyoisimamisha mbele. Kwa miaka mingi niliziba kama wenzangu wote. Unatoa gurudumu, unafungua tairi, unavuta tyubu, ule mpira wa ndani, unaizamisha kwenye beseni hadi uone mapovu yanatokea wapi. Unakwaruza, unapaka gundi ya solusheni, unabandika kiraka. Ni kazi ya jasho na kucha chafu.

Halafu dereva mmoja wa magari ya watalii akanipa kifaa alichokuwa amechoka nacho: chuma chenye meno, sindano nene, na kamba fupi za mpira zenye gundi. Gurudumu halitoki kwenye gari. Unapanua tundu kwa kile chuma, unasukuma kamba ndani, unakata inayobaki nje, mwenye gari anaenda zake. Watu walisimama kunitazama! Fundi wa ng'ambo ya reli bado anahangaika na nati, mimi nimeshamaliza, nakunywa chai. Kichwa kikavimba.

Sasa sikieni ujinga. Kifaa kile ni cha tairi zisizo na tyubu. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina la mama yangu.

Wekesa ni mume wa dada yangu Rose. Walikuwa wamepanga chumba Gatina, na yeye alikuwa tarishi wa kampuni fulani mjini, akisambaza vifurushi kwa pikipiki ya ofisi. Pikipiki ile ilikuwa ndiyo unga wao, ndiyo karo ya watoto. Ilikuwa baada ya zile mvua za El Nino, barabara za kwetu zimebaki mawe na mashimo, akaja kwangu akiisukuma, gurudumu la nyuma limelala chini.

Ringi ilikuwa ya spoku, vile vijiti vya chuma. Ringi za spoku kama ile zina tyubu ndani, hakuna fundi asiyejua. Lakini kulikuwa na watu wamesimama, na gurudumu la nyuma lina mnyororo, lina breki, lina nati zilizoshika kutu. Nikachukua chuma chenye meno.

"Hautoi tairi?" Wekesa akaniuliza.

"Nitoe ya nini? Wewe kunywa chai, shemeji."

Nikachoma. Nilisikia tyubu ikichanika mle ndani, mkono wangu ulihisi kabisa. Nikasukuma kamba ndefu nikijidanganya kwamba itaziba tairi na tyubu pamoja. Nikajaza upepo, nikapaka mate juu ya tundu kama tunavyofanya sote. Mate hayakutoa povu. Watu wakapiga makofi, na mimi mjinga nikainama kama mbunge!

Wekesa alifika Kabiro tu, karibu na kwao. Kwenye mteremko wa huko upepo ukatoka wote kwa mara moja, pikipiki ikayumba na mzigo wake, ikamwangukia kwenye jiwe. Goti likapondeka.

Habari ziliponifikia nilikimbia hadi Gatina. Rose alikuwa hospitali na mumewe, na pikipiki majirani walikuwa wameileta, imeegemezwa ukutani kwenye ploti yao ya vyumba vya kupanga. Hapo ndipo ningeweza bado kuwa binadamu. Badala yake nikatoa koleo mfukoni, nikaivuta ile kamba, nikaitupa chooni. Kisha nikaokota msumari uliopinda na kuusukuma kwenye tundu lile lile, ionekane aliukanyaga njiani. Koleo nilitoka nalo Laini Saba! Maana yake kabla hata sijamwona mgonjwa, nilikuwa nimeshaamua.

Bwana wa ofisi alipokuja kuchukua pikipiki aliuona msumari. Akaniuliza mimi, fundi na mtu wa familia, kama Wekesa alikuwa na mbio. Nikamwambia shemeji hupenda mwendo. Basi. Kazi ya Wekesa ikaisha hapo, na malipo ya ajali ofisi ikayakataa, kwa kuwa mkosaji alikuwa yeye.

Dada yangu akaanza kwenda Lavington kufulia watu nguo. Anarudi mikono imepauka, anapika, anamgeuza mume kitandani. Na Wekesa, alipoanza kutembea na gongo, akasimama kanisani mbele ya watu wote kunishukuru kwa kuwa karibu nao. Nikasema amina. Nikikumbuka amina ile natamani kujipiga makofi.

Mguu ulipona lakini haukunjiki. Siku moja akaja kibandani, akaomba nimfundishe kazi, kwamba ya kukaa anaiweza. Ningemwambia nini? Nikimfundisha vizuri, atajua nilichomfanyia. Nikimfundisha vibaya, atamuua mtu. Nikachagua njia ya mwoga. Nikamfundisha viraka tu, na kile kifaa nikakificha chini ya benchi, nyuma ya makopo ya solusheni.

Alikipata. Nilikuwa nimeenda kuchota maji, narudi namkuta amechuchumaa, mguu mmoja ameunyoosha mbele, kando ya pikipiki ya mhubiri mmoja. Ringi za spoku. Ameshika chuma chenye meno vile vile nilivyoshika mimi, ameshaweka ncha kwenye tundu.

"Wacha! Hiyo iko na tyubu!"

Akaacha. Alikitazama kile chuma, akanitazama mimi, ndoo bado mkononi.

"Na yangu haikuwa na tyubu?"

Nikaitua ndoo chini.

"Na ule msumari?"

"Niliweka mimi," nikasema.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alifungua gurudumu la mhubiri, akatoa tyubu, akabandika kiraka, akarudisha kila nati mahali pake, akamjazia upepo. Akanawa mikono kwenye beseni langu, akachukua gongo, akaenda. Hajakanyaga tena Laini Saba. Dada yangu tukikutana njiani huvuka upande wa pili.

Nyinyi mafundi mnaochoma tairi za watu ili msifiwe, nawaambia bila adabu: mnachoma miguu ya watu. Na wewe mwenye pikipiki, ukiona fundi hataki kufungua gurudumu lako la spoku, sukuma chombo chako uondoke, hata kama fundi huyo ni ndugu yako wa tumbo moja.

Ukikosa pa kwenda, nenda Gatina. Kuna fundi mmoja nje ya ploti, mguu ameunyoosha mbele. Atakuchelewesha, maana hufungua kila kitu. Mvumilie. Ila usimwambie umeelekezwa na mimi.