Mikono ya Fundi wa Seva

Fundi wa seva wa hospitali yetu habonyezi kitu kwa pupa. Akishaandika amri, huikalia mikono yake miwili, kisha husoma alichoandika kwa sauti ya chini. Jana prosesa moja kati ya nane zinazoiendesha seva iliharibika, ikabidi aizime bila kuzigusa saba zilizobaki. "Kaka, skrini za wagonjwa mahututi zinazimika," nilimwambia kutoka mlangoni. Hakugeuka. Aliandika tano, akaikalia mikono, akasoma. "Ni ya tano kwa hesabu yangu," alinong'ona. "Mashine huanza na sifuri." Akafuta, akaandika nne, akaikalia tena mikono, akasoma tena, ndipo akabonyeza. Wodini wakapiga simu kwamba skrini zimetulia. "Haya dada, rudi kwa wagonjwa wako," alisema, mikono ikiwa tayari chini ya mapaja. Kiti chote kilikuwa kikitetemeka.